Kikoba kinaingia kwenye kompyuta: shajara ya mwezi mmoja

Jumamosi, 1 Februari 2025

Kazi imeanza leo. Kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana hapa Muheza, kina wanachama 27. Hisa moja ni shilingi 5,000, na kila kikao cha Jumamosi mtu ananunua kuanzia hisa moja hadi tano. Miaka yote hesabu zimekaa kwenye daftari kubwa la jalada gumu, na fedha ndani ya sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Sanduku halijawahi kutusumbua. Daftari ndilo linalotuchosha. Desemba, siku ya kugawana, kamati ilikesha ikitafuta shilingi 15,000 ambazo hazikupotea popote: ziliandikwa kwenye mstari wa mwanachama wa jirani.

Baada ya hapo mweka hazina alinifuata nyumbani. Ni mama wa makamo, hesabu za kichwani anazipiga haraka kuliko mimi na kikokotoo changu. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo kompyuta unayoshinda nayo kutwa haiwezi kutusaidia na sisi?"

Lengo nimeliandika hapa ili lisiteleze: kufikia kikao cha tarehe 1 Machi, mama aingize hesabu mwenyewe mbele ya wanachama, mimi nikiwa nimekaa mkekani na wenzangu.

Programu ni LibreOffice Calc, ya majedwali ya hesabu, toleo la 7. Haina malipo, na inakubali kukimbia kwenye kompyuta mpakato kuukuu ya kikundi yenye skrini ya inchi 10. Nina sababu nyingine iliyo karibu na moyo wangu. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, na OpenOffice.org ndiyo ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwenye kompyuta yetu menyu ziko kwa Kiingereza na tumekubaliana zibaki hivyo, kwa sababu dada katibu anatumia Kiingereza hicho hicho kazini kwake, na mama akikwama ataulizia kwa watu wanaokijua hicho. Kwa hiyo majina ya menyu nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Jumapili, 2 Februari

Nimetengeneza faili. Laha nne, yaani kurasa nne za jedwali: Hisa, Mikopo, Mfuko wa Jamii, Faini. Kwenye Hisa, mstari wa 1 ni jina la jedwali, wa 2 ni vichwa, wanachama wanaanzia wa 3 hadi wa 29, jumla ipo wa 30. Kila safu, ile ya kushuka chini, ni kikao kimoja. Sijakutana na taabu yoyote.

Jumatano, 5 Februari

Somo la kwanza, na limeharibika kwa kosa langu.

Nilikuwa nimemwandalia mama karatasi mbili za maelekezo. Nilizitengeneza nyumbani nikitazama skrini yangu pana: "Kuhifadhi, bonyeza kitufe cha tatu kutoka kushoto. Kuchuja majina, bonyeza kitufe chenye umbo la mrija wa kumiminia mafuta, karibu na mwisho." Nikaona nimerahisisha.

Mama akavaa miwani, akaweka karatasi kushoto kwa kompyuta, akaanza kuhesabu kwa kidole. Kidole chake kiligusa skrini kitufe kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti ya chini kama anayehesabu kili za mkeka. Alipofika mwisho wa upau, ule mstari wa vitufe, akasimama. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Kisha akaniangalia bila kusema neno, na nikaelewa kwamba anadhani amekosea yeye.

Hakukosea. Skrini ya inchi 10 haina nafasi ya vitufe vyote, kwa hiyo Calc inavikunja vile vya mwisho na kuvificha nyuma ya vishale viwili vidogo, », upande wa kulia kabisa wa upau. Ukibonyeza vishale hivyo, vitufe vilivyobaki vinashuka kama orodha. Kichujio kilikuwa humo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevisahau vishale hivyo, maana kwangu havitokei.

Nimechana zile karatasi. Maelekezo yanayotegemea nafasi ya kitufe yanakufa mara tu mtu anapobadilisha kompyuta, au hata akipunguza upana wa dirisha.

Jumamosi, 8 Februari

Kikao cha kwanza tukiwa na kompyuta mezani. Daftari liliendelea kuandikwa kama kawaida, na ni vizuri, kwa sababu yalitokea mawili.

La kwanza: mama aliushika upau wa juu kwenye vile vidoti vya mwanzo wake, akauvuta bila kujua. Upau ukang'oka, ukaelea katikati ya jedwali na kufunika majina ya watu. Dawa yake ni fupi: ule upau unaoelea una kichwa chake, unabonyeza kile kishale cha kichwani na kuchagua Dock Toolbar, unarudi mahali pake. Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya upau, chagua Lock Toolbar Position, hautang'oka tena. Ningeufunga tangu siku ya kwanza.

La pili lilitushika muda mrefu zaidi. Mwenyekiti aliomba aone mchoro wa hisa. Mama akaingia Insert, akachagua Chart, mchoro ukatokea, watu wakafurahi. Alipotaka kurudi kwenye kazi, menyu za Sheet na Data hazikuwepo. Zimetoweka kabisa kwenye mstari wa juu, na vitufe navyo vimekuwa vingine. "Mwanangu, nimeifuta programu," akaniambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

Kilichotokea ni kwamba mchoro ukishatengenezwa, Calc inakuacha ndani yake. Ukiwa ndani ya mchoro hakuna cha kupanga wala kuchuja, kwa hiyo menyu hizo zinaondolewa na kuletwa vitufe vya mchoro. Bonyeza Esc, au bonyeza seli yoyote, kisanduku cha jedwali, nje ya mchoro, kila kitu kinarudi. Vivyo hivyo ukibonyeza picha, upau wa maandishi unampisha upau wa picha. Programu inaangalia umeshika nini mkononi, inakuletea vyombo vya kitu hicho.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho kwenye karatasi ya manila, kwa wino mwekundu.

Jumapili, 9 Februari

Leo sikugusa kompyuta ya kikundi. Nimekaa na kufikiri upya namna ya kufundisha.

Nimekuwa nikianza na vitufe kwa sababu vina picha, nikidhani picha ni rahisi kwa mtu asiyezoea. Lakini picha ya mrija haisemi "chuja" kwa mtu ambaye hajaambiwa. Majedwali ya kwanza ya kompyuta hata hayakuwa na picha. VisiCalc ya mwaka 1979 ulikuwa unabonyeza mkwaju, alama ya /, kisha herufi ya amri. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983, mkwaju huo huo ulifungua menyu ya maneno. Watu waliendesha biashara zao kwa maneno. Upau wa vitufe ni njia ya mkato ya kufikia kile ambacho menyu tayari inacho, na mtu hawezi kufaidi njia ya mkato kabla hajaijua barabara.

Basi tunaanza na menyu, na kila menyu ina swali lake. Nimezipanga hivi kwenye manila:

File: je, ni jambo la faili zima? Kufungua, kuhifadhi, kuchapisha, kutoa PDF.

Edit: je, nataka kushughulikia kilichokwisha kuandikwa? Kunakili, kukata, kutafuta, kurudisha nyuma.

View: je, nataka kubadilisha ninavyoona tu, hesabu zikibaki zilivyo? Hii nimeipigia mstari mara mbili. Kugandisha vichwa ili visipotee ukishuka chini kupo hapa, Freeze Rows and Columns, kwa sababu kugandisha hakugusi namba hata moja. Na orodha ya pau zote nayo ipo hapa, kwenye Toolbars. Upau ukipotea, ni huku unakotafutwa.

Insert: je, naleta kitu kipya juu ya jedwali? Picha, mchoro, maoni.

Format: je, ni sura? Rangi, unene wa maandishi, namba ionekane na mikato ya maelfu.

Sheet: je, ni mistari, safu, au laha yenyewe?

Data: je, nataka kupanga, kuchuja, au kuzuia watu wasiingize namba isiyotakiwa?

Tools: je, ni mipangilio ya programu yenyewe, au kufunga jedwali lisiguswe?

Styles, Window na Help nimeziacha pembeni kwa sasa.

Jumatano, 12 Februari

Somo la pili. Nilimkabidhi mama manila, nikaifunika kompyuta. Nikamwuliza maswali tu. Unataka majina yapangwe kwa alfabeti, unaingia wapi? "Data." Unataka kutoa nakala ya PDF? "File." Unataka vichwa visipotee? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hizo hesabu hazibadiliki... View."

Nilimwangalia kwa furaha kubwa. Wiki moja iliyopita alikuwa anahesabu vitufe.

Alikosea moja tu, na hata mimi ningekosea: kuongeza mstari. Alisema Insert, na kwa haki kabisa, kwa sababu neno lenyewe ndiyo maana yake. Lakini kwenye Calc ya sasa kuongeza mstari kuko kwenye Sheet, Insert Rows, kisha Rows Above au Rows Below. Mantiki yake ni kwamba mstari ni sehemu ya laha yenyewe. Hauletwi kutoka nje. Mama akaifasiri kwa namna yake: "Kwa hiyo Insert ni kuleta kochi ndani, Sheet ni kuongeza chumba." Nimeiandika kwenye manila neno kwa neno.

Akaniongezea nyingine. Nilikuwa namweleza tofauti ya upau na menyu, akanikatiza: "Upau ni vile vyombo unavyoweka mezani karibu na mkono. Menyu ni kabati." Sina maelezo yanayozidi hayo. Kikombe kisipokuwa mezani huulizi nani kaiba. Unafungua kabati.

Tukamalizia na vitufe vilivyofifia. Mama alikuwa akidhani kitufe cha kijivu kimeharibika. Nikamwonyesha: andika namba kwenye seli, usibonyeze Enter, sasa fungua menyu ya Data. Mambo mengi yamefifia. Kishale bado kinawaka ndani ya seli, maana yake hujamaliza kuandika, na Calc inakusubiri. Bonyeza Enter, fungua tena: yamerudi. Alirudia jaribio hilo mara tatu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Februari

Kikao cha tatu cha mwezi. Yamejitokeza makosa mawili ya hesabu, yote mawili yanatibiwa kwenye menyu.

Tarehe kwanza. Mama anaandika tarehe kama tunavyoandika wote, siku kwanza: 8/2/2025. Kwenye laha ya Mikopo nikaona tarehe nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto. Dalili hiyo inafaa kila mtu aijue. Kwa kawaida kilichoegemea kulia Calc imekitambua kuwa namba au tarehe. Kilichoegemea kushoto imekichukua kama maandishi. Kompyuta ilikuwa imewekwa kwenye desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Kwa hiyo 15/2 haikueleweka, hakuna mwezi wa 15, ikabaki maandishi. Na 8/2 ilieleweka vibaya: ikawa tarehe 2 Agosti. Hiyo ya pili ndiyo ya hatari, kwa sababu imeegemea kulia vizuri na haina dalili yoyote ya ugonjwa. Mkopo wa wiki iliyopita ulisomeka kana kwamba utachukuliwa Agosti.

Tulikwenda Tools, Options, sehemu ya lugha, tukabadilisha desturi ya eneo iwe ya Kiingereza cha Uingereza, siku kwanza. Alama ya fedha ya huko hatuihitaji. Hatutumii kitufe cha fedha, kila mtu anajua ni shilingi. Lakini kubadilisha mpangilio hakurekebishi yaliyokwisha kuingia. Tumezipitia tarehe zote kwa mkono, moja moja, mama akisoma daftari na mimi nikiandika.

La pili: tumepata mwanachama wa 28. Mama aliongeza mstari wake chini ya mwanachama wa mwisho, kwa njia ya Sheet kama alivyojifunza, akaandika hisa mbili. Jumla ya kikao ikapungua hisa mbili, yaani shilingi 10,000, ikilinganishwa na fedha za sandukuni. Nilimwambia abonyeze seli ya jumla na atazame upau wa fomula, ule mstari mrefu mweupe juu ya jedwali. Ilikuwa bado imeandikwa =SUM(D3:D29). Mgeni alikuwa mstari wa 30. Jumla haikumwona.

Nimeacha mstari mmoja mtupu kabla ya jumla, nimeupaka rangi ya kijivu, na fomula inauhesabu na wenyewe. Mwanachama mpya anaongezwa juu ya mstari wa kijivu, na jumla inajinyoosha yenyewe.

Upau wa fomula nimeuthamini upya leo. Seli inaonyesha jibu. Upau unaonyesha jibu limetoka wapi.

Jumatano, 19 Februari

Kazi niliyoifurahia kuliko zote. Nimemtengenezea mama upau wake.

Njia ni Tools, Customize, kichupo cha Toolbars. Humo unaongeza upau mpya, unachagua amri kushoto na kuzivusha kulia. Mambo mawili yamenifaa sana. La kwanza, kuna sehemu ya kuchagua upau ukae wapi: ndani ya programu au ndani ya faili lenyewe. Nimeuweka ndani ya faili letu, kwa hiyo ukinakili faili kwenye flashi na kulifungua kwenye Calc ya mtu mwingine, upau unakwenda nalo. La pili, kila amri unaweza kuipa jina upya, na upau unaweza kuonyesha maandishi badala ya picha.

Sasa juu ya jedwali pana maneno saba ya Kiswahili: Hifadhi, Rudisha nyuma, Ongeza mstari, Panga, Chuja, Toa PDF, Chapisha. Yote yanaenea kwenye inchi 10 bila vishale viwili. Pau nyingine mbili nimezizima kwenye View, Toolbars, na nimemwonyesha mama anavyoweza kuzirudisha.

Ningempa upau huu siku ya kwanza, angeshika maneno saba na kuishia hapo. Nimempa baada ya kuijua menyu, na alipouona alifungua kila amri kwenye menyu kuhakikisha ni ile ile.

Pia nimeingia Data, Validity, kwenye safu za hisa: inakubali namba kamili kuanzia 0 hadi 5 tu. Ukikosea unasoma ujumbe kwa Kiswahili, "Hisa ni 0 hadi 5, tazama tena kadi ya mwanachama." Sifuri ni ya asiyehudhuria.

Jumamosi, 22 Februari

Nimefunga laha ya Hisa kwa Tools, Protect Sheet. Seli za kuingizia hisa nimezifungulia kwanza kwenye Format, Cells, Cell Protection, kwa kuondoa alama ya Protected, kwa sababu ukifunga laha bila kufanya hivyo seli zote zinafungwa. Nimeruhusu kuongeza mistari. Nywila ameiandika mwenyekiti kwenye karatasi, ikaingia ndani ya sanduku la kufuli tatu. Kamati ndiyo iliyotaka hivyo, na mimi naona ni sahihi: atakayebadilisha fomula itabidi wawepo washika funguo wote.

Kitufe cha Panga kimefifia baada ya kufunga. Mama hakuuliza kimeharibika. Aliuliza, "Ni kwa sababu tumefunga?" Ndiyo.

Alhamisi, 27 Februari

Dada katibu alilichukua faili kazini kwake, akalifungua kwenye Excel. Huko hakuna menyu za kushuka kama zetu. Tangu toleo la mwaka 2007 Excel ina utepe mpana wenye vichupo, na upau wetu wa Kiswahili hautokei. Alinipigia simu, si kwa kukwama. Alitaka kuniambia kwamba maswali ya manila yamefanya kazi: kugandisha vichwa alikwenda View akakuta, kuchuja alikwenda Data akakuta, kuchapisha File. Lililomkatalia ni kuongeza mstari, ambako huko kuko kwenye Home. Nimeliongeza kwenye manila pembeni kwa penseli.

Jumamosi, 1 Machi

Nimekaa mkekani, mstari wa tatu.

Mama aliita majina, akapokea, akaandika. Wanachama 28, hisa zote zimeingia, jumla ikalingana na fedha zilizohesabiwa na wahesabuji wawili. Daftari liliandikwa pia, litaendelea hadi Juni kwa uamuzi wa kikao.

Kisha mwanachama mmoja akaomba orodha ya hisa ibandikwe ukutani, bila laha za mikopo na faini. Hilo sikuwahi kulifundisha. Niliona mama akifungua File, akashuka na kidole, akafunga. Akafikiri. Halafu akabonyeza Shift na Esc, ile njia ya kutafuta amri kwa jina niliyomtajia mara moja tu, juu juu, siku ya upau. Kisanduku kikafunguka, akaandika neno analolijua kutoka dukani kwa kuprinti: print. Orodha ikashuka, na mbele ya kila amri njia yake imeandikwa. Akasoma polepole kwa sauti: Format, Print Ranges, Define.

"Kumbe wameiweka kwenye sura," akasema. Akachagua safu za majina na hisa, akafuata njia hiyo kwenye menyu, akabonyeza Toa PDF, akachomeka flashi.

Dada katibu ameondoka nayo kwenda kuchapisha kabla duka halijafungwa.